Dawa zimekwisha kituoni: kazi ya Wizara ya Afya inaanzia wapi na inaishia wapi?

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza mitumba katika soko la mji mdogo huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwezi uliopita mtoto wangu wa tatu, mwenye miaka miwili, alishikwa na homa usiku. Asubuhi nikampeleka kwenye kituo chetu cha afya cha ngazi ya tatu. Kipimo cha malaria kilikuwepo, ila dawa hazikuwepo. Muuguzi akaniambia Wizara haijaleta. Nikamuuliza diwani wetu, akasema dawa si kazi ya wilaya, ni ya Kampala. Siku chache baadaye nikamsikia ofisa mmoja redioni akisema vituo vya afya viko chini ya wilaya. Nililipa shilingi 12,000 dukani, na mtoto amepona, namshukuru Mungu. Naomba nieleweshwe: Wizara ya Afya kazi yake ni nini hasa, na mimi nimlalamikie nani?

Jibu: Dada yangu, pole kwa kuuguza. Watu watatu uliowasikiliza hawakukudanganya. Muuguzi alisema kweli, kwa sababu dawa za kituo chake hazinunuliwi na wilaya. Diwani alisema kweli kwa sababu hiyohiyo. Ofisa wa redioni naye alisema kweli, kwani kituo chenyewe, pamoja na majengo yake na watumishi wake, kiko mikononi mwa serikali ya wilaya tangu miaka ya 1990. Ila kila mmoja wao alichukua kile kipande cha ukweli kilichomwondolea lawama, akakuachia wewe kazi ya kuviunganisha vipande vyote. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya afya ya wilaya, na nakiri kwamba maneno ya muuguzi wako nimewahi kuyasema mimi mwenyewe, tena zaidi ya mara moja.

Tuanze na sheria, kwa kifupi. Zamani Wizara ndiyo iliyokuwa ikiajiri, ikipanga watumishi, ikijenga na kusimamia karibu kila zahanati ya serikali nchini. Katiba ya 1995 ilibadilisha mpango huo. Jedwali lake la Sita linataja mambo ambayo serikali kuu imejibakizia, na kwa upande wa afya yamo sera ya afya na udhibiti wa magonjwa ya mlipuko na maafa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikazikabidhi wilaya hospitali zisizo za rufaa, vituo vya afya, na huduma za uzazi na za watoto. Kwa hiyo Wizara yenye makao yake barabara ya Lourdel, Kampala, haina mamlaka ya kumhamisha muuguzi wa kituo chako hata kesho asubuhi ingetaka kufanya hivyo. Mwajiri wake ni wilaya.

Ngazi zenyewe unazijua kwa kuzitembelea, lakini ni vizuri kuziona kwa pamoja. Ngazi ya kwanza haina jengo. Ni wale wanakijiji wa kujitolea tunaowaita VHT. Ngazi ya pili hutazamiwa kuhudumia parishi, yaani vijiji kadhaa, ya tatu kaunti ndogo, na ya nne, yenye daktari na chumba cha upasuaji, huhudumia eneo la watu wapatao 100,000. Juu yake kuna hospitali ya wilaya. Hizo zote, kwa jumla, ni za wilaya. Ukipanda hadi Hospitali ya Rufaa ya Arua umeshatoka mikononi mwa wilaya: hospitali za rufaa za mikoa, na zile za taifa kama Mulago na Butabika, ziko chini ya serikali kuu, na watumishi wake huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Afya. Kisha zipo hospitali za mashirika ya dini, kama Lacor, Nsambya, Mengo na Kibuli, ambazo si mali ya serikali lakini nyingi kati yake hupata ruzuku yake na hufuata miongozo yake.

Sasa, ikiwa Wizara haina kituo, ina nini? Ina sera, na neno hilo limezoeleka kiasi kwamba watu husikia "sera" wakafikiri ni makaratasi ya semina. Chukua malaria hiyohiyo ya mtoto wako. Sisi tuliokuwa watoto zamani tulitibiwa kwa klorokwini, vile vidonge vichungu vilivyowawasha wengi mwili mzima. Vimelea vya malaria vikaizoea dawa ile, na ikafika wakati mtoto anamaliza dozi na homa inarudi. Mwaka 2004 Wizara ilibadilisha sera: tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali iwe dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, ambayo wengi wetu tunaiita Coartem kwa jina la kampuni. Ilipofika 2006 dawa hiyo ikaanza kutumika katika vituo vya serikali. Uamuzi ule mmoja ulilazimisha mambo mengi kubadilika kwa wakati mmoja: orodha ya dawa muhimu za taifa, mwongozo wa tiba ambao kila kituo kinatakiwa kuwa nao, mafunzo ya wauguzi, maombi ya fedha kwa wafadhili, na aina ya bidhaa ambazo serikali inanunua. Kama kila wilaya, nazo sasa ni zaidi ya 130, ingejichagulia dawa yake, mtoto aliyeanza tiba Koboko na kuhamia Gulu angekutana na dawa nyingine kabisa, na vimelea sugu vingeshukuru. Hata kule kupimwa kwa mtoto wako kabla ya kupewa chochote hakukuwa hiari ya muuguzi. Ni agizo la sera kwamba homa ithibitishwe kuwa malaria kwanza.

Chanjo ni hivyohivyo. Tarehe 2 Aprili 2025 Uganda ilizindua chanjo ya malaria wilayani Apac, kwa mpango wa wilaya 105, na mtoto hupewa akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18. Kuchagua chanjo ipi, kwa umri gani na katika wilaya zipi zianze, hilo ni la Wizara. Kuibeba hadi chini ya mwembe wa kijiji, katika kisanduku chenye barafu nyuma ya pikipiki, ni la wilaya.

Tuje kwenye dawa zako, maana hapo ndipo penye utata wenyewe. Dawa za serikali hununuliwa, huhifadhiwa na kusambazwa na Bohari ya Taifa ya Dawa, NMS, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1993. Ni shirika la serikali lenye bodi yake, chini ya uangalizi wa Wizara, lakini si idara ya Wizara. Kabla ya mwaka wa fedha wa 2009/10 sehemu ya fedha za dawa ilipitia wilayani na hospitalini, na malalamiko yalikuwa mengi kwamba zinachelewa au zinaelekezwa kwingine. Tangu mwaka ule fedha hizo huwekwa moja kwa moja katika fungu la NMS kwenye bajeti. Ndiyo sababu diwani wako ananawa mikono: wilaya haina fungu la kununua Coartem.

Hospitali na vituo vya ngazi ya nne huagiza vinachohitaji, kwa kiasi cha fedha kilichotengwa. Vituo vya ngazi ya pili na ya tatu, kama chako, haviagizi. Vinapelekewa sanduku lililofungwa tayari, lenye orodha iliyokubaliwa mapema, kila baada ya miezi miwili. Lori huondoka kwenye maghala ya upande wa Kampala, huvuka Mto Nile pale Karuma, huvuka tena pale Pakwach, hushusha mzigo wilayani, kisha magari madogo huusambaza hadi vituoni. Mzigo unapofika unatakiwa kupokelewa mbele ya mashahidi, wakiwemo wajumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo, uhesabiwe, hati ya kupokelea isainiwe, na kila dawa iandikwe kwenye kadi yake ya stoo.

Ubaya wa sanduku lililofungwa tayari ni kwamba malaria haifuati orodha. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, sanduku lina dozi za watoto 400 kwa miezi miwili. Mvua zikinyesha vizuri na maji yakatuama, watoto 400 watafika kituoni ndani ya wiki tatu. Wiki tano zilizobaki kituo kinapima, kinakuta malaria, kisha kinaandika jina la dawa kwenye kikaratasi ili ukanunue. Huku kwetu kuna jambo la ziada ambalo hesabu za Kampala huchelewa kulishika: watu wanaovuka kutoka Kongo na Sudan Kusini hutibiwa kwenye vituo hivihivi, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa, lakini sanduku halijui kwamba wamevuka. Kwa hiyo muuguzi anapokuambia "Wizara haijaleta", mara nyingi maana yake ni kwamba NMS walileta, na dawa zimekwisha kabla ya siku zake.

Mara nyingi, si mara zote. Wakati fulani nilikagua kituo kimoja ambacho sitakitaja, baada ya wazazi kulalamika kama unavyolalamika wewe. Kadi ya stoo ya Coartem ya watoto ilisoma sifuri, na kweli pakiti za njano, zile za vidonge sita kwa watoto wadogo, hazikuwepo hata moja. Lakini kwenye rafu ya chini, nyuma ya maboksi ya glavu, kulikuwa na pakiti za kijani za watu wazima zimejaa. Kidonge ni kilekile. Pakiti ya kijani ina vidonge 24, na ikikatwa na mhudumu wa afya kwa mkasi hutoa dozi nne za mtoto mdogo. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa mgeni kituoni, na inchaji, yaani mkuu wa kituo, alikuwa likizo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inaruhusiwa kufanya hivyo pakiti za watoto zinapokwisha. Wiki mbili nzima wazazi walikuwa wakinunua dukani dawa ambayo ilikuwa mita tatu kutoka kitanda cha kupimia. (Nakuomba tu usikate dozi mwenyewe nyumbani, anayefanya hivyo ni yule anayejua uzito wa mtoto na namna ya kuhesabu.)

Kosa lile lilikuwa la nani? Watu wengi watamlaumu muuguzi, mimi simlaumu. Wilaya ilitakiwa kumpitia na kumwelekeza. Wizara ilitakiwa kuhakikisha kwamba wilaya inafanya hivyo, tena kwa kuja yenyewe na kuona. Kazi hiyo huitwa usimamizi elekezi, nayo kwa maoni yangu ndiyo iliyopuuzwa kuliko kazi zote za Wizara yetu. Kutoka Kampala huja timu, huja na fomu, huketi na viongozi wa wilaya, hutembelea kituo kilicho kando ya lami, huondoka. Kituo kilicho kilomita 40 ndani, barabara ya murramu, huonwa kwa nadra. Sera nzuri tunazo, na nyingi zimeandikwa vizuri sana. Kinachokosekana ni mtu wa kuzifuata hadi kwenye rafu ya chini, nyuma ya maboksi ya glavu.

Niligusie suala la fedha, maana bila hilo picha haikamiliki. Wengi hudhani kuna mfuko mmoja mkubwa Wizarani ambao waziri huufungua na kuufunga. Sivyo. Wizara ina fungu lake, NMS ina lake, Taasisi ya Saratani lake, Taasisi ya Moyo lake, huduma ya damu lake, kila hospitali ya rufaa lake. Fedha za uendeshaji wa kituo chako, zile za sabuni, mafuta ya pikipiki na kufyeka majani, hutoka Wizara ya Fedha kila robo mwaka na kwenda wilayani na vituoni. Kwa hiyo waziri wa afya anapoulizwa bungeni kwa nini kituo fulani hakina taa, anaulizwa kuhusu fedha ambazo hazikupita kwake. Aprili 2001 nchi za Afrika zilikubaliana mjini Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na Uganda haijafika huko. Machi mwaka huohuo Uganda ilifuta ada katika vituo na hospitali za serikali, isipokuwa wodi za kulipia. Ilikuwa hatua ya heri, watu maskini wakafurika vituoni, lakini aliyeondoa ada alijitwika wajibu wa kujaza pengo lake, na pengo halijawahi kujazwa sawasawa. Shilingi zako 12,000 zilitoka humo. Muswada wa bima ya afya ya taifa, ambao ungeweza kupunguza mzigo huu, ulipitishwa na Bunge Machi 31, 2021, lakini Rais hakuutia saini.

Watumishi ni hadithi kama hiyo. Kanuni iliyotumika kwa miaka mingi ilikitaka kituo cha ngazi ya tatu kiwe na watumishi 19. Idadi hiyo imewekwa kwa ushauri wa Wizara ya Afya, ikaidhinishwa na Wizara ya Utumishi wa Umma. Mishahara inawekewa kikomo na Wizara ya Fedha. Anayetangaza nafasi na kuwahoji waombaji ni tume ya utumishi ya wilaya. Ukikuta muuguzi mmoja anahudumia foleni ya watu 90, usidhani kuna mtu mmoja aliyesababisha. Leseni ya muuguzi huyo hutolewa na baraza la wauguzi na wakunga, ya daktari na baraza la madaktari, na duka la dawa ulikonunua hukaguliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Sitakaa hapo.

Liko eneo moja ambako Wizara haiwaachii wilaya, wala haipaswi kuwaachia, nalo ni mlipuko. Ebola ilipozuka Gulu mwaka 2000, sampuli zilipelekwa Afrika Kusini kuthibitishwa. Watu 425 waliugua na 224 walifariki, akiwemo Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, aliyefariki Desemba 5 mwaka huo baada ya kuwahudumia wagonjwa bila kuchoka. Somo lile halikupotea. Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoko Entebbe, iliyoanza mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, ilijengewa uwezo wa kupima Ebola na Marburg hapahapa nchini. Septemba 20, 2022 Wizara ilitangaza Ebola ya aina ya Sudan huko Mubende baada ya Entebbe kuithibitisha. Kwa aina hiyo hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Waliothibitishwa kuugua walikuwa 142, waliofariki miongoni mwao 55, na mlipuko ukatangazwa kwisha Januari 11, 2023. Ilipotokea tena, Januari 30, 2025, safari hii kwa muuguzi wa Mulago, majaribio ya chanjo yalianza ndani ya siku nne, na Aprili 26 ukatangazwa mwisho wake.

Katika kazi ya namna hiyo utaiona Wizara ikiwa na mamlaka kamili: inatuma wataalamu wake, inafuatilia waliokutana na wagonjwa, inasema nani azikwe vipi na nani akae karantini, inazungumza na Shirika la Afya Duniani kwa niaba ya nchi, na hakuna mwenyekiti wa LC5, yaani wa baraza la wilaya, anayeweza kusema "hapa kwangu msiingie". Wilaya ndiyo inayotoa watu wanaotembea nyumba kwa nyumba, lakini amri ni moja. Nimewahi kuwasikia wenzangu wakiuliza kwa nini Wizara iliyo kali hivyo kwenye Ebola inakuwa mpole kwenye malaria, ambayo inaua watoto wetu kila mwaka bila kutangazwa. Sehemu ya jibu ni ile Katiba niliyoitaja. Sehemu nyingine, na hii ni rai yangu, ni kwamba Ebola huleta kamera na fedha, na malaria imezoeleka.

Mambo haya mawili yameunganishwa na kitu kidogo ambacho huenda umewahi kukiona bila kukitambua. Kila wiki kituo chako hujaza fomu yenye idadi ya wagonjwa wa malaria, kipindupindu, surua na magonjwa mengine, na idadi hiyo hutumwa, mara nyingi kwa ujumbe wa simu. Kila mwezi hutumwa ripoti kubwa zaidi, inayoingizwa kwenye mfumo wa kompyuta ambao nchi nzima inautumia tangu 2012. Mtu aliyekaa barabara ya Lourdel anaweza kuona kwamba malaria imepanda maradufu katika kaunti yenu ndogo. Anachotakiwa kufanya baada ya kuona ni kupiga simu: kwa NMS, waongeze mzigo, kwa wilaya, wahamishe dawa kutoka kituo chenye ziada. Kuhamisha huko kunaruhusiwa, ofisa wa afya wa wilaya, DHO, ana mamlaka nako, na mimi nimekufanya kwa pikipiki zaidi ya mara moja. Lakini kituo kisipotuma ripoti, au kikituma tarakimu za kukisia, Kampala inaona mstari ulionyooka na kudhani mambo ni shwari. Wauguzi huichukia fomu ile kwa sababu inawala muda. Sijui kama wamewahi kuelezwa kwamba ndiyo barua yao kwa NMS.

Wapo pia wafadhili, na hapa kazi ya Wizara imekuwa nzito zaidi siku hizi. Sehemu kubwa ya dawa za ukimwi, kifua kikuu na malaria imelipiwa na fedha za nje kwa miaka mingi. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watumishi wengi waliokuwa wakilipwa na miradi waliondoka kazini kwa siku chache. Februari Wizara iliagiza kliniki za ukimwi na kifua kikuu zilizokuwa zikijitegemea ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kuna wagonjwa walioumia kwa kupoteza faragha waliyoizoea, na uchungu wao ni wa haki. Lakini agizo kama hilo lazima litoke mahali pamoja, la sivyo kila hospitali ingejipangia lake.

Nisije nikaonekana nailaumu Wizara tu. Utafiti wa taifa wa 2011 ulionyesha kwamba katika kila vizazi hai 100,000 akina mama 438 walifariki kwa sababu za uzazi. Wa 2016 ukaonyesha 336. Wa 2022, 189. Nyuma ya upungufu huo wapo wakunga waliofunzwa, damu iliyopatikana, vituo vya ngazi ya pili vilivyopandishwa kuwa vya tatu, na miongozo iliyosema mama apelekwe wapi na lini. Hakuna wilaya moja iliyoweza kuyafanya hayo peke yake.

Sasa umlalamikie nani? Anza karibu, na uanze kwa kuuliza kabla ya kulaumu. Nenda kituoni siku isiyo ya foleni kubwa, mwombe inchaji akueleze mambo matatu: mzigo wa mwisho ulipokelewa tarehe gani, Coartem ilikwisha tarehe gani, na kama zipo pakiti za rangi nyingine stoo. Inchaji mwaminifu atakuonyesha kadi yake bila kinyongo, kwa sababu kadi ndiyo inayomtetea. Kama mzigo ulichelewa, hilo ni la NMS, na DHO ndiye wa kuwafuatilia. Kama mzigo ulifika ukaisha mapema, DHO anatakiwa kuhamisha dawa, na baadaye kudai orodha ya sanduku ibadilishwe, kwa kuwa orodha hizo hupitiwa kwa kushauriana na wilaya. Kama mzigo ulifika, kadi haionyeshi zilikokwenda, na inchaji anageuka mkali, basi ni jambo jingine: peleka kwa kamati ya usimamizi wa kituo na kwa kaunti ndogo, na wasipokusikia peleka kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani. Dawa za serikali zina alama yake na maandishi kwamba haziuzwi. Ukiikuta alama hiyo kwenye pakiti uliyonunua dukani, itunze hiyo pakiti, usiitupe, kwa sababu ni ushahidi.

Diwani wako naye usimwache. Ni kweli hana fungu la dawa, lakini anaketi katika baraza linaloidhinisha bajeti ya wilaya, na mafuta ya pikipiki ya kuhamishia dawa yamo kwenye bajeti hiyo. Muulize safari ngapi za ukaguzi wa vituo zilifanyika robo mwaka iliyopita. Hilo ni la kwao moja kwa moja, na hawezi kulisukuma Kampala.

Kumwandikia waziri una haki, na Wizara ina namba ya simu ya bure ya kupokea malalamiko. Ukipiga, taja jina la kituo, kaunti ndogo, dawa na tarehe, maana lalamiko lisilo na tarehe halifuatiliki. Kabla ya hayo yote kuna jambo moja ambalo unaweza kuiomba kamati ya kituo chako, nalo halihitaji shilingi: kila mzigo ukifika, orodha ya dawa zilizopokelewa na tarehe ya mzigo unaofuata ibandikwe mlangoni, mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuisoma akiwa amesimama kwenye foleni.